Mabawa mawili, stoo moja, wadudu wamekula la kushoto tu. Mdudu gani huyu?

#1 FundiMbawa (Malindi)
Salaam wadau. Ninajenga ndege. Ndiyo, ya kupanda mtu. Wenye kucheka wacheke mapema tumalize. Ni ya mbao na kitambaa, ramani za Pietenpol Air Camper, ile iliyoanza kuruka mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa injini ya gari la Ford. Mradi niliuchukua ukiwa nusu kwa mzee mmoja wa Kitaliano pale Casuarina alipokuwa anarudi kwao. Mabawa yalikuwa yameshaungwa, bado kuvishwa kitambaa tu.

Niliyaweka kwa ami yangu Barani, chumba cha juu cha nyumba ya mawe, yamelazwa juu ya mabenchi na kufunikwa turubai. Juzi nimefunua. Bawa la kushoto lina vitobo vya duara. Ncha ya drili ya milimita 1.5 inaingia, ya 2 haiingii. Chini yake kuna unga wa rangi ya krimu. Ukiusugua kati ya vidole ni laini kabisa, haukwaruzi. Vitobo vingi viko kwenye vile viraka vya plaiwudi vinavyofunga maungio ya mbavu, na vichache kwenye mbavu zenyewe. Mhimili mkuu sijauona na kitobo.

Bawa la kulia liko hatua moja tu kutoka hapo. Safi. Hata kitobo kimoja hakuna. Nani anaweza kunieleza?

#2 KidoleJuu
Wadudu wana akili. Wamekubakishia moja ujifunze kuruka ukizunguka.

#3 BabuMambrui
Mchwa hao, hakuna cha kuuliza. Paka oili chafu ya gari bawa zima, sisi nguzo za nyumba tunapaka hivyo tangu zamani na zinakaa.

#4 FundiMatondoni (Lamu)
Babu #3, heshima yako, ila oili chafu ni ya nguzo inayofukiwa ardhini. Ukiipaka mbao ya kuunganishwa kwa gundi umeshaiua, gundi haitashika tena na vanishi itateleza. Huku Matondoni tunapaka chombo sifa (mafuta ya papa) na deheni (shahamu na chokaa), lakini chombo kina misumari. Ndege yake inashikwa na gundi.

Tena mchwa wa ardhini hapandi bila kuacha njia ya udongo ukutani. FundiMbawa, umeona udongo?

#5 FundiMbawa
Udongo ukutani hakuna. Asante kwa la oili, nilikuwa na dumu tayari.

#6 Mwalimu_Bayo
Nifundishavyo kidato cha tatu: tazama kinyesi, usitazame kitobo. Kuna mchwa wa mbao kavu, hawa hawahitaji ardhi wala njia ya udongo, wanaishi ndani ya kiti au mlango miaka na miaka, na Pwani hii wapo. Wao hawatoi unga. Wanatoa chembe ngumu, na ukizitazama kwa lenzi kila chembe ina pande sita. Unga laini usiokwaruza ni kazi ya mbawakawa, hasa jamii ya Lyctus.

Jambo la pili. Kile kitobo ni mlango wa kutokea. Yai lilitagwa zamani, buu likala ndani kwa miezi au zaidi, likageuka mdudu kamili, likatoboa likaondoka. Kwa hiyo unachokiona ni habari ya kale. Swali ni nani bado yuko ndani.

#7 NahodhaWaAnga
Mimi ni rubani, Wilson ya Nairobi, Malindi, Manda ya Lamu ndiyo njia yangu. Mbavu zisikuumize kichwa sana, mbavu na viraka vinabadilishwa. Mhimili ndio unaobeba uzito wote wa ndege angani. Ukiwa na njia ya mdudu hata moja, huo si wa kujaza gundi ukasonga mbele, huo unatupwa. Ugonge kwa mpini wa bisibisi kuanzia shinani hadi nchani, sehemu iliyoliwa inalia tofauti.

Na ukiwa na wadudu wa stoo, usisahau nyigu wa udongo. Bomba lolote lililo wazi watalijenga. Kuna ile Boeing 747 iliyoanguka Dominika mwaka 1986 kwa sababu ya kiota cha nyigu kwenye bomba la kupimia mwendo.

#8 Ruka_Juu
Nahodha nakusahihisha kidogo. Ilikuwa 757, Birgenair 301, tarehe 6 Februari 1996, iliondoka Puerto Plata katika Jamhuri ya Dominika, watu 189 wakafa. Na mabomba yenyewe hayakupatikana baharini, kwa hiyo nyigu ndiye mshukiwa mkuu tu, hakuna aliyekiona kiota. Ndege ilikaa siku kadhaa bila mabomba kufunikwa.

#9 NahodhaWaAnga
Sawa, nashukuru kwa sahihisho. Lakini hoja iko palepale. Brisbane mwaka 2013 Airbus ya Etihad ilirudi uwanjani kwa sababu hiyohiyo, na hapo kiota kilionekana. Ilikuwa imekaa chini kama saa mbili hivi.

#10 FundiMbawa
Mmenifanya nikimbie kuangalia. Bomba la mkia lina udongo! Nimeuchokoa kwa waya, umetoka mkavu na buibui ndani, tena wengi, miguu imekunjwa. Sasa nina wadudu wa aina mbili.

#11 Mwalimu_Bayo
Hao buibui ni chakula cha mtoto wa nyigu. Mama huwachoma wakapooza, anawafungia humo pamoja na yai. Safisha mpaka ndani kabisa: kama bomba ni la chuma, udongo unashika unyevu na kutu inaanzia hapo.

#12 KidoleJuu
Kwa hiyo ndege haijaruka na tayari ina abiria.

#13 MchongajiGede
Jamani, mbona hakuna aliyeuliza dari? Ami yako nyumba ya mawe, chumba cha juu. Dari ni boriti za mkoko? Kwetu boriti za zamani zinabunguliwa mpaka ukilala mdomo wazi unaamka umekula unga. Inawezekana bawa halina kosa, unga umeshuka kutoka juu.

#14 FundiMbawa
Ndiyo, dari ni boriti. Lakini vitobo viko kwenye bawa, nimeviona kwa macho yangu.

#15 MchongajiGede
Vitobo sikatai. Nasema unga na vitobo huenda ni kesi mbili. Vitobo vinaweza kuwa vya zamani, tangu Casuarina, na unga ni wa boriti. Futa kila kitu, tandika karatasi nyeusi chini ya bawa na nyingine juu ya bawa, subiri siku kadhaa. Ikichafuka ya juu peke yake, mwenye kosa ni dari.

#16 Mwalimu_Bayo
Wazo zuri hilo. Zungushia vitobo duara la penseli pia, ili kipya kijulikane.

#17 MbaoNaMisumari (Mombasa)
Mwalimu #6 nina tatizo na Lyctus wako. Mbavu za ndege hizi kawaida ni sprusi, na sprusi ni mti wa jamii ya misonobari. Lyctus hali miti hiyo. Anataka mti wenye vinyweleo vikubwa vya kutagia mayai na wanga wa kutosha, hasa ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo. Ndiyo maana mbavu ya sprusi haiwezi kuwa yake. FundiMbawa, plaiwudi ni ya mti gani? Na mabawa yote mawili yana plaiwudi moja?

#18 FundiMbawa
Hapo umenigusa. Nimetazama tena kwa tochi. Kushoto viraka ni vyekundu-vyekundu, kulia ni vyeupe. Mzee alijenga la kushoto kwanza, akakaa miaka, akaja kujenga la kulia. Kwenye daftari lake, kwa bawa la kushoto ameandika gundi ya kaseini, kwa la kulia epoksi.

#19 MbaoNaMisumari
Basi! Plaiwudi nyekundu ya jamii ya mkangazi au okume, na nyeupe huenda ni ya mti wa bechi (birch) wa Ulaya. Jibu ni hilo.

#20 Ruka_Juu
Jibu ni gundi, si plaiwudi. Kaseini inatoka kwenye maziwa, ni protini tupu, wadudu na ukungu wanaipenda. Ndege za Mosquito za Waingereza zililiwa na wadudu huko India wakati wa vita kwa sababu ya gundi hiyo.

#21 NahodhaWaAnga
Zamu yangu kusahihisha 😀 Mosquito zilipata shida India mwaka 1944, kweli, lakini lawama zilienda kwa maungio kuachia kwenye joto na unyevu, na kwa namna zilivyounganishwa kiwandani. Sijawahi kusikia wadudu wakitajwa. Kaseini ikaachwa, wakahamia gundi za kiwandani. Na FundiMbawa, hii ni habari mbaya kuliko vitobo: bawa la kaseini lililokaa Pwani miaka yote hiyo, na jasho la kusi, maungio yake mimi nisingeyaamini hata kama mdudu asingeligusa.

#22 FundiMbawa
Nahodha, nimesoma nikakaa chini.

#23 BintiWatamu
Poleni na hongera kwa uzi. Ngoja nilete kesi yangu. Sisi ndege yetu ilikuwa ya povu: unakata polistireni umbo la bawa, unaivika kitambaa cha nyuzi za kioo na epoksi. Vipande vya povu ambavyo havijavikwa tuliviweka nyuma ya nyumba, ukuta mmoja na banda la kuku wa mama. Tulipokuja kuvitoa vilikuwa na njia ndani kote, zinapinda huku na huku, na ukikitikisa kipande kinamwaga vumbi jeupe. Kila mtu alisema sisimizi. Mwisho tulikata kipande kwa waya wa moto tukakuta vibuu vya kahawia, vyembamba, vinakimbia.

#24 Mwalimu_Bayo
BintiWatamu, hao ni Alphitobius, mdudu wa takataka za banda la kuku. Wanapotaka kugeuka huwa wanatafuta mahali pakavu pa kujichimbia, na povu la kuta za mabanda wanaliharibu dunia nzima. Tena ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walichapisha mwaka 2024 kwamba buu wa jamii hiyo wa hapahapa Kenya anaweza kulila polistireni lenyewe.

#25 KidoleJuu
Kwa hiyo taka za plastiki tumepata dawa, ndege ndiyo imekosa. Mama yako aliuza kuku au aliuza ndege?

#26 BintiWatamu
Kuku hawakuguswa. Wewe hujamjua mama yangu.

#27 BabuMambrui
Oili sawa nimeacha. Tieni majani ya mwarobaini basi. Nguo zetu za harusi zimekaa sandukuni na mwarobaini mpaka wajukuu wamezivaa.

#28 FundiMatondoni
Mwarobaini unafukuza anayekuja, Babu. Aliye ndani ya mbao hasikii harufu, yuko kwake.

#29 Kaka_Kilifi
Kwa nini mnateseka? Zile tembe za gesi za kuhifadhia mahindi. Funga bawa ndani ya nailoni, tupia tembe kadhaa, wiki moja hakuna kiumbe.

#30 Ruka_Juu
KATAA. Gesi ile ni fosfini, inaua watu ndani ya nyumba, na ami yake analala chini ya chumba hicho. Halafu inakula shaba: nyaya, koili, maungio yote ya umeme. Ukiwa na injini chumba kimoja umeibomoa bila kuigusa. Hiyo ni kazi ya wenye leseni tu, na wenyewe watakuambia toa kila chenye shaba kwanza.

#31 Kaka_Kilifi
Sawa, sikujua la shaba. Na joto je? Mbao za kufungashia mizigo bandarini zina muhuri wa kuchomwa.

#32 MbaoNaMisumari
Zile zinapashwa mpaka katikati ya mbao ifike nyuzi 56 kwa dakika 30, hiyo ndiyo kanuni ya kimataifa. Kwa mbao tupu, safi kabisa. Kwa bawa lililoungwa usijaribu: epoksi nyingi za kukauka bila moto zinaanza kulegea karibu na joto hilo. Ndiyo maana ndege za povu kama ya BintiWatamu hupakwa nyeupe, jua lisizipike. Mbavu mojamoja zinaweza kuingia friza ya samaki, baridi nayo inaua. Bawa la mita nne utalipeleka friza gani?

#33 MzeeTabora (Tanzania)
Wakuu, nimesoma tangu mwanzo nimeshangaa hakuna aliyemtaja dumuzi. Mkuu FundiMbawa, hicho chumba kiliwahi kuwekwa mahindi? Au mihogo mikavu?

#34 FundiMbawa
Nimempigia ami. Anasema magunia ya mahindi yalikaa humo msimu mmoja kabla hajayauza. Yaliegemezwa ukutani. Ukuta wa upande wa kushoto.

#35 KidoleJuu
🍿

#36 MzeeTabora
Nilijua tu. Dumuzi ametoka Amerika ya Kati, huku kwetu Tabora ndiko alikojulikana kwanza Afrika mashariki, mwaka 1981. Kenya aliingia kwa upande wa Taveta mwaka 1983. Watu wanadhani ni mdudu wa mahindi tu, kumbe asili yake ni mtoboaji wa miti. Anatoboa vihenge, anatoboa fito. Unga wake ni mwingi na laini. Ukimtoa kwenye gunia anaingia kwenye mbao iliyo karibu, na iliyo karibu ilikuwa bawa la kushoto. Plaiwudi na gundi mtaziacha tu.

#37 MbaoNaMisumari
Mzee, heshima, ila mahindi yalikaa msimu mmoja. Dumuzi angetoboa hata mabenchi. FundiMbawa, mabenchi yana vitobo?

#38 FundiMbawa
Mabenchi ni ya mbambakofi ya zamani. Hata msumari hauingii.

#39 FundiMatondoni
Mbambakofi hamna anayeula. Hiyo si ushahidi wa upande wowote.

#40 MchongajiGede
Karatasi nyeusi imesemaje?

#41 FundiMbawa
Nilikuwa nakuja nayo. Ya chini ya bawa ina unga, miduara midogo kama mitano, kila mmoja chini ya kiraka. Ya juu ya bawa nayo ina unga, lakini umetawanyika. Vitobo vipya nje ya penseli: kimoja, kwenye kiraka chekundu.

#42 MchongajiGede
Unga wa juu ni wa dari. Nimeshinda nusu.

#43 Mwalimu_Bayo
Na nusu nyingine ni yangu, kitobo kipya maana yake kuna aliye hai. Ila usishangilie mno. Wa dari na wa bawa wanaweza kuwa ukoo mmoja, boriti ndiyo ikawa nyumba ya kwanza. Bawa la kulia liko chini ya dari hiyohiyo na hakuna aliyeligusa, kwa hiyo tunarudi kwa plaiwudi.

#44 MzeeTabora
Au kwa ukuta wa mahindi.

#45 Ruka_Juu
Au kwa kaseini.

#46 NahodhaWaAnga
Ninyi bishaneni. Mimi nataka kujua mhimili ulilia vipi.

#47 FundiMbawa
Nimeugonga wote. Unalia sawasawa, isipokuwa karibu na shina, kama shubiri moja hivi, sauti imefifia. Sijui ni mdudu au ni pale ulipofungwa bamba la chuma.

#48 KidoleJuu
Peleka hospitali apigwe picha.

#49 Ruka_Juu
KidoleJuu umesema kwa mzaha lakini eksirei inaonyesha njia za wadudu ndani ya mbao vizuri sana. Madaktari wa mifugo wengine wana mashine za kubebeka. Ulizia kabla ya kufungua chochote.

#50 BintiWatamu
Na wakikuuliza mnyama gani?

#51 MvuviNgomeni
Nimecheka peke yangu baharini. Mimi naona Ngomeni yale majukwaa ya Waitaliano kila siku, setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970. Kitu kimekwenda mbinguni kutoka huku, na ninyi mmeshindwa na kidudu cha milimita moja na nusu.

#52 Mwalimu_Bayo
Setilaiti haina plaiwudi, Mvuvi.

FundiMbawa, fanya jambo moja litakalomaliza maneno. Chagua kiraka kimoja chekundu chenye kitobo kipya, kitoe kwa patasi, ukipasue polepole. Ukimpata mdudu mzima tumtazame kwa juu. Lyctus kichwa chake kinaonekana. Dumuzi kichwa kimeinama chini ya kifua, ukimtazama kwa juu hukioni, na nyuma yake imekatwa wima kama kwa kisu.

#53 FundiMbawa
Nimetoa. Kwanza kiraka kilitoka kirahisi kuliko nilivyotaka, gundi ilibanduka kama ganda (Nahodha, nimekuelewa). Ndani njia zimejaa unga ulioshindiliwa. Mabuu mawili meupe, yamejikunja. Na mdudu mmoja mfu, ila sisimizi walimfikia kabla yangu. Kilichobaki ni ganda moja la mgongo na miguu miwili.

#54 MzeeTabora
Mwisho wa hilo ganda umekatwa wima au ni wa duara?

#55 FundiMbawa
Umevunjika hapohapo mwishoni.

#56 MzeeTabora
Aa!

#57 Mwalimu_Bayo
Na mabuu kwa picha ya simu siwezi kuyatofautisha, wote hao hujikunja. Yatie kwenye kichupa cha spiriti, usitupe. Makumbusho ya Taifa kule Nairobi wana watu wa wadudu.

#58 MbaoNaMisumari
Njia zilikuwa zinakata gundi, au zinafuata tabaka moja la plaiwudi?

#59 FundiMbawa
Zinafuata tabaka la katikati. Mahali pawili zimekata.

#60 Ruka_Juu
Pawili! Kaseini.

#61 MbaoNaMisumari
Gundi ya ndani ya plaiwudi ni ya kiwandani, si ile ya mzee. Daftari lake linahusu maungio tu. Hiyo haikusaidii.

#62 FundiMatondoni
Mimi ni mtu wa vyombo, nitasema la vyombo. Ukijua mdudu ni nani au usijue, viraka vyote vyekundu vitoke, na mbavu zenye vitobo ziungwe upya. Bawa la kulia litoke humo leo hii, lisilale tena chini ya dari ile. Kila mbao mpya ipate vanishi pande zote kabla ya kuhifadhiwa, hata ndani ya matundu ya bolti. Mdudu anataka kinyweleo cha kutagia, ukiziba hana pa kuweka yai.

#63 NahodhaWaAnga
Naongeza: mhimili wa kushoto uutoe bamba ulitazame. Usikisie.

#64 FundiMbawa
Nashukuru wote. La kulia nimelihamishia kwa shemeji Muyeye, sakafu ya saruji, paa la bati. Bamba nitalifungua Jumamosi, nitaleta picha.

#65 BabuMambrui
Shemeji ana kuku?

#66 FundiMbawa
...Anao.

#67 BintiWatamu
La mbao halina povu, usiogope. Lakini mto wa kiti umeweka wapi?

#68 KidoleJuu
Mimi naulizia tu: bawa la kulia unauza?

#69 FundiMbawa
Siuzi.